Chai ya Chumvi

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mwivu. Sikuanza juzi. Mama yangu alisema nilikuwa nalia mtoto mwingine akipakatwa, hata kama mimi mwenyewe nilikuwa mgongoni. Kwa hiyo atakayesoma haya asinitafutie udhuru. Niliyoyafanya niliyafanya na akili zangu zote.

Mume wangu Jackton alikuwa mwonja chai katika kiwanda kimoja upande wa Kericho. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni mtu wa kukaa na kikombe siku nzima. Si hivyo. Kila asubuhi vikombe vyeupe hupangwa kwenye meza ndefu, kimoja kwa kila chai iliyokaushwa jana. Jackton anapita akivuta kijiko kimoja kimoja kwa kelele ambazo ukizifanya kwa wakwe zako utafukuzwa, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anatoa neno moja. "Safi." "Imeungua." "Ina moshi." Neno hilo ndilo liliamua magunia gani yapande lori la Mombasa na gani yabaki.

Ulimi huo na pua hiyo ndivyo vilivyotawala nyumba yetu. Kitunguu kibichi hakikuliwa asubuhi. Sabuni ilikuwa ya mche. Nilipoolewa nilikuja na kichupa cha marashi ya waridi, zawadi ya dada yangu kutoka Oyugis. Jackton alikinusa, akapiga chafya, akasema, "Jerusa, hii ikikaa hapa mimi sina kazi." Nikampa binti wa jirani siku hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa nimejipaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, nanukia kama ukuta, na sikulalamika, maana nilijua ni kwa ajili ya nini.

Pua yangu nayo ilikuwa na kazi. Jioni Jackton akiingia, kabla hajavua koti, nilikuwa namkumbatia pale mlangoni. Majirani walisema tunapendana sana. Tulipendana, ndiyo, lakini pale nilikuwa nakagua. Majani yaliyonyauka, moshi wa kuni za boila ya kiwandani, jasho lake: sawa, pita ndani. Siku moja alikuja na harufu ya nyama choma, nikamwuliza ameila na nani, akataja watu wanne kwa majina yao na ya baba zao. Alikuwa anasimama wima akisubiri nimalize, kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Aliiogopa pua yangu, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Halafu kiwanda kikamletea msaidizi. Msichana wa Sotik, jina lake Chepngeno, ametoka chuo na cheti chake. Siku ya kwanza tu Jackton alirudi nyumbani akisema, "Huyu mtoto ana ulimi. Mimi kwa umri wake sikuwa hivyo." Nilikuwa napakua ugali. Nikasimama na mwiko mkononi. Mimi nimempikia mtu huyu tangu tuoane, na hajawahi kuusifu ulimi wangu, na huyu wa siku moja amesifiwa mbele yangu, ugali ukiwa bado moto.

Kuanzia hapo nilimchukia Chepngeno bila kumjua. Pale kibandani kwangu, karibu na geti la kiwanda, ninapouzia wafanyakazi ugali na samaki, nilikuwa namwigiza jinsi anavyosema "pakuli" badala ya bakuli, na wateja wakacheka. Yeye mwenyewe alikuwa akija kula mchana, ananisalimia kwa mikono miwili na kuniita Mama. Heshima hiyo ikanikasirisha zaidi, maana sikupata pa kumshikia.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Ilikuwa Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, watu wote wamevaa barakoa. Homa iliingia kwetu Jumapili. Tulijifungia nyumbani wiki mbili kama tulivyoambiwa. Jackton alikohoa siku tatu akaamka. Mimi nililala siku tisa, na Adongo, binti yetu, akawa anapiga simu kutoka shuleni akilia. Namshukuru Mungu, tulipona.

Siku niliyopata nguvu nikasema nikaange omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaweka mafuta, nikaweka kitunguu, nikaketi kwenye kigoda nikisubiri harufu iniambie imeiva. Harufu haikuja. Nikaongeza moto. Nikasubiri tena. Mara Mellen, jirani yangu, akaingia mbio na leso puani.

"Mama Adongo! Kwani unachoma nyumba?"

Jikoni kulikuwa kumejaa moshi mweusi, na mimi nimekaa katikati yake nimetulia kama mtu aliye kanisani. Nikachukua kipande cha kitunguu kibichi nikatafuna. Kilikuwa kama karatasi iliyoloa. Nikalamba chumvi. Ilikuwa mchanga. Nikaangalia mkono wangu mweupe kwa chumvi na machozi yakanitoka.

Mellen ni mama wa Kisii anayeuza mboga kando ya kibanda changu. Nilimwapisha asimwambie mtu, kwa sababu nani atakula kwa mpishi asiyeonja? Tukapatana: kila siku saa tano na nusu napeleka mchuzi kwake chini ya leso, anaonja, ananiambia "ongeza" au "imetosha," na sahani moja inabaki kwake. Wateja hawakujua kitu.

Na Jackton sikumwambia. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kibanda. Ukweli ni kwamba sikutaka ajue askari wa mlangoni amelala. Kama angejua sinusi, angekuja na harufu gani? Kwa hiyo jioni niliendelea kumkumbatia, navuta pua, nasema "hm," namwachia apite. Naye akaendelea kusimama wima.

Chakula cha usiku nilikipika bila Mellen, kwa kukisia. Kijiko hiki cha chumvi, au niliweka tayari? Niweke tena? Jackton alikula akamaliza. Nikimwuliza, "Tamu?" anasema, "Tamu." Mtu ambaye zamani alikuwa ananiambia chumvi imeingia kabla ya nyanya kuiva! Jambo hilo lilinipita mara ya kwanza. Mara ya kumi likaanza kunikaa moyoni. Mtu asiyejali anachokula kwake, nikasema, ameshiba kwingine.

Mwezi wa Juni Mellen alinijia kibandani, akakaa, akaanza kuchambua mboga ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa.

"Mama Adongo, mimi sitaki maneno."

"Sema."

"Bwana yako amepita hapa kwangu saa hii, amenunua limau moja. Na huyo mtu ananukia."

"Ananukia nini?"

"Marashi. Ile ya waridi. Ananukia kama bibi harusi."

Sijui niliuza nini mchana ule. Nakumbuka nilimrudishia mtu samaki badala ya chenji. Waridi! Ningesikia ni harufu ya pombe ningepiga kelele kidogo nikanyamaza. Lakini mwonja chai hajipaki marashi, hata siku ya harusi yake Jackton hakujipaka. Marashi yale yalitoka kwa mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa anaruhusiwa kunukia pale ambapo mimi nilikatazwa.

Jioni alipoingia nilimkumbatia kwa nguvu, nikazika pua shingoni mwake, nikavuta hewa mpaka nikaona nyota. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeshika mwili wa mume wangu na ni kama nimeshika mlango.

"Hm," nikasema.

Kesho yake alipotoka nilichukua shati lake kwenye karai nikampelekea Mellen nyuma ya choo. "Nusa," nikamwambia. Akanusa kola. Akanusa kwapa, akakunja uso. Akafika kwenye mkono wa kulia akasimama.

"Iko hapa. Kwa mkono. Shingoni hakuna."

"Kwa nini iwe mkononi?"

Mellen akafikiri. "Labda wanashikana mikono."

Afadhali angesema shingoni. Kushikana mikono ni mambo ya watu wanaopendana kweli. Mimi na Jackton tuliacha tulipopata mtoto. Na pale pale nikamwonea wivu hata Mellen, kwa sababu pua yake ilikuwa ndani ya shati la mume wangu na ilikuwa inasikia, na ni mimi niliyempelekea. Nikampokonya shati.

Sikumwuliza Jackton. Nilitaka aanze yeye, nipate pa kuingilia. Jumatano asubuhi nikampikia chai, nzito, maziwa mengi kama anavyopenda, na badala ya sukari nikaweka kijiko cha chumvi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Akitema tu nitamwambia: nenda ukanywe kwa Chepngeno. Nikakaa mbele yake. Akanywa. Akafuta mdomo.

"Asante, Mama Adongo. Leo imetoka vizuri."

Huyu ni mtu aliyekuwa anakunywa chai kwa jirani halafu tukiwa njiani ananiambia ng'ombe wao amebadilishiwa majani. Alhamisi nikaweka vijiko viwili. Akanywa, akaondoka. Ijumaa nikaweka vitatu, nikakoroga mbele yake bila aibu. Akanywa yote, akaenda kwenye mtungi akanywa vikombe viwili vya maji, akasema jua la leo litakuwa kali, akatoka. Nje kulikuwa na ukungu.

Hapo nikakata shauri. Mapenzi yamemziba mdomo, nikasema. Yuko hapa nyumbani na ulimi wake uko Sotik.

Alikuwa ameacha koti lake la zamani msumarini. Nikaingiza mkono mfukoni. Kulikuwa na leso imefungwa fundo, na ndani ya leso vitu vinne: karafuu chache, nusu ya limau iliyokauka, majani ya mkaratusi, na kichupa kidogo chenye picha ya waridi, kimebaki nusu. Nilivipanga mezani, nikavielewa vyote kwa mara moja. Karafuu ni za kutafuna ili mdomo unukie akiwa naye. Limau ni la kujisugua kabla ya kurudi kwangu. Majani ya mkaratusi sikuyaelewa, lakini Mellen nilipomwonyesha alisema kuna watu hutengeneza dawa ya mapenzi kwa majani yoyote. Na kichupa hakikuhitaji kuelezwa. Kitu nilichokitoa nyumbani kwa ajili yake, yeye amekiingiza nyumbani kwa ajili ya mwingine.

Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilijaza chakula kwenye hotipoti ili mlinzi wa geti asiniulize, nikapita. Sikuwahi kufika chumba cha kuonjea miaka yote ile. Jackton alikuwa amesema wageni huleta harufu. Nilienda moja kwa moja, nikasimama kwenye dirisha lake kubwa.

Meza ndefu, vikombe vyeupe. Mwisho wa meza, meneja wa kiwanda, Bwana Kipyegon, anaandika. Ijumaa huwa anakaa nao kusikiliza chai za wiki. Jackton upande huu, Chepngeno upande ule, ametangulia kikombe kimoja. Chepngeno alivuta, akatema, akagonga ukingo wa kikombe kwa kijiko, mara moja. Jackton akamtazama. Akavuta yeye, akatema. "Safi," akasema. Kikombe kinachofuata Chepngeno akagonga mara mbili. Jackton akamtazama tena. "Imeungua kidogo," akasema, na meneja akaandika.

Mimi chai sikuiona. Niliona macho. Kila kikombe, kabla ya kusema neno, mume wangu alikuwa anamtazama msichana yule kama mtu anayesubiri aruhusiwe kupumua. Mimi hajanitazama hivyo hata siku tuliyofunga ndoa.

Nikafungua mlango.

"Mama Adongo," akasema Jackton. "Kuna nini? Ni Adongo?"

"Adongo yuko sawa. Wewe ndiye hauko sawa." Nikabamiza kichupa mezani katikati ya vikombe. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama," akasema Chepngeno. "Mimi ndiye nilimpatia."

Hata hakudanganya! Nilizunguka meza nikamshika mkono, ule wenye kijiko, nikaubana. "Ulimpatia ya nini?"

Akamtazama Jackton. Jackton akatikisa kichwa, kidogo sana, kumwambia asiseme. Wana siri, na siri yenyewe inaongelewa mbele yangu kwa kichwa. Hapo ndipo nilipomalizika.

"Mama, tafadhali," akasema meneja akisimama. "Twende ofisini tuongee pole pole."

"Hapana, Bwana Meneja, tutaongea hapa hapa! Wewe umeketi na hawa watu na huoni. Huyu msichana amemharibu bwana yangu mpaka hajui anakunywa nini. Siku tatu nimempikia chai ya chumvi. Chumvi, si sukari! Jumatano kijiko kimoja, jana viwili, leo vitatu. Amekunywa yote! Na akaniambia asante!"

Ilisikika mashine tu upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nasubiri aibu imwangukie Chepngeno, nimeushika mkono wake nisimkose. Lakini meneja hakumtazama Chepngeno. Aligeuka pole pole akamtazama Jackton.

"Chai ya chumvi," akasema.

Jackton alikuwa ananitazama mimi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa.

"Mama Adongo," akaniuliza kwa sauti ya chini, "leo ilikuwa na chumvi?"

Aliuliza kwa sababu hakujua. Maji aliyokunywa mtungini, "tamu" zake za usiku, limau, mkono wa kulia, kila kitu kilianza kugeuka upande wake wa kweli, na nikatamani kurudisha maneno yangu mdomoni moja moja.

Meneja hakupandisha sauti. Si mtu mbaya. Alisogeza kikombe cha mwisho, ambacho hakijaguswa na mtu. "Jackton, unisamehe," akasema. "Hii hapa ni nini?"

Macho ya Jackton yakaenda kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Chepngeno, na mkono wa Chepngeno ulikuwa mkononi mwangu. Nikauachia haraka kama niliyeshika sufuria ya moto. Lakini meneja alikuwa ameshaona macho yalikokwenda, na Chepngeno hangeweza kugonga tena.

Jackton akachota, akavuta kwa zile kelele zake, akazungusha. Alifanya kila kitu sawasawa. Akatema.

"Safi," akasema.

Chepngeno akafumba macho. Meneja akachota naye, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Ina moshi," akasema. "Hata mimi nausikia." Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu Machi," akajibu Jackton.

Nilitoka na hotipoti yangu. Hakuna aliyekuwa na njaa.

Jioni alikuja akakaa kitandani na viatu. Sikumkumbatia mlangoni, sikuwa na uso wa kumkumbatia. Meneja alikuwa amemwambia atapelekwa kituo cha kupimia majani ya wakulima, kusimama mizani, mpaka itakapojulikana kama pua itarudi. Chepngeno ndiye ataonja. Yeye alikuwa amelia, Jackton akasema, amekataa mpaka akalazimishwa. Dada yake Chepngeno ni muuguzi hospitali ya Longisa. Ndiye aliyewaambia kuna watu wanarudishiwa pua kwa kunusa vitu vinne kila asubuhi na kila jioni, karafuu, limau, mkaratusi na waridi, miezi kadhaa bila kuchoka. Saa nne na saa kumi walikuwa wanaingia stoo ya magunia, Jackton ananusa kichupa, Chepngeno anashika saa. Marashi yalikuwa yanammwagikia mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Mtu ambaye mchana amepiga kelele kiwandani atajibu nini? Nikakaa kando yake.

"Mimi pia," nikasema.

"Wewe pia nini?"

"Sisikii harufu. Wala ladha. Tangu Machi."

Alinigeukia. "Na jioni? Ukinikumbatia?"

"Nilikuwa najifanya."

Jackton akaanza kucheka. Alicheka kicheko kibaya mpaka akakaa sakafuni, mkono tumboni. "Kumbe nimesimama wima miezi mitatu bure," akasema. Halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikashuka nikakaa naye pale chini. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja na hasara moja, kila mtu amelala juu ya nusu yake, na ile nusu yangu ndiyo iliyomtoa kwenye kazi yake.

Chepngeno alikuja Jumapili kurudisha kichupa, maana nilikiacha mezani. Nilimpa kiti. Nilimwomba msamaha, na ilinigharimu, kwa sababu alikuwa amevaa koti jeupe jipya nilipomwona getini Jumamosi na wivu wangu ulikuwa bado hai, umebadilisha tu mahali pa kukaa. Sasa nilimwonea wivu kwa ulimi wake. Nilimpa mandazi, akala, akasema, "Mama, imezidi sukari kidogo," kisha akashika mdomo akiogopa. Nikamwambia asiogope, aniambie siku zote. Nilikuwa namaanisha, na bado iliniuma.

Tangu siku hiyo mimi na Jackton tukawa tunakaa wawili mezani, asubuhi kabla hajaenda mizani na jioni akirudi. Leso katikati, vitu vinne. Ananusa yeye, nanusa mimi. Anauliza, "Umepata?" nasema, "Bado." Nauliza, anasema, "Bado." Julai ikapita hivyo. Agosti ikapita hivyo. Wakulima kule kituoni walikuwa wanamwita Mwalimu, wakimwuliza chai yao ikoje, naye anawaambia ni nzuri akitazama majani kwa macho. Lakini kila asubuhi kabla ya kutoka alisafisha kile kijiko chake cha kuonjea kwa majivu, akakirudisha kwenye droo.

Septemba, jioni ya mvua, nilifungua kichupa kama kawaida. Nilikuwa nafikiria unga uliokwisha. Na ikaja. Kwanza ilikuwa nyembamba, nikadhani nimeikumbuka tu. Nikavuta tena. Waridi. Ikaingia yote, na nyuma yake ikaja ile wiki ya kwanza ya ndoa, sanduku langu jipya, dada yangu akinifunga kilemba, Jackton akipiga chafya. Mwili wote ulinisisimka. Nikainua kichwa kumwambia.

Alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona kitu usoni mwangu, maana ni mtu wa kutazama nyuso sasa. Na mimi yale macho yake niliyajua. Nimeishi nayo maisha yangu yote, nimeyaona kwenye kioo tangu nikiwa mtoto. Alikuwa anajikaza nisiyaone.

"Umepata?" akauliza.

Nikafunga kichupa.

"Bado," nikasema.

Akashusha pumzi, akajaribu kuificha. "Usijali, Mama Adongo. Tutapata pamoja."

Asubuhi nilipika chai. Sukari vijiko viwili, nikaonja jikoni nimegeukia ukuta, nikasikia maziwa, nikasikia majani, nikasikia na moshi kidogo wa kuni zetu. Nilimpelekea. Akanywa. Nikamwuliza kama ni tamu, akasema ni tamu.

Jioni alirudi amelowa. Akasimama mlangoni wima, mikono pembeni, kunitania, kama zamani. Nikamkumbatia. Majani mabichi, mvua, kamba za magunia, jasho lake. Hakuna kingine. Miezi sita nilikuwa nimelitamani jibu hilo, na sasa sikuwa na mtu wa kumwambia.

"Unakagua?" akauliza juu ya kichwa changu.

"Nikague na nini?" nikasema, na nikauficha uso wangu ndani ya shati lake asije akauona.